ASTAP haitambui picha zangu za Carina: nyota zinaonekana, jibu hakuna

Langoni_Usiku (Lamu)

Assalaam aleikum nyote. Naomba msaada kwa wanaojua programu za kutambua nyota, zile unazipa picha nazo zinakurudishia RA na Dec za katikati yake, yaani namba mbili za mahali angani, kama longitudo na latitudo za dunia.

Kamera yangu ni Canon 1300D. Lenzi ni ya zamani, ya skrubu ya M42, niliyoachiwa na ami yangu alipofunga studio yake ya picha za harusi na vitambulisho. Imeshikwa na adapta yenye chipu, ile inayoiwezesha kamera kuwasha taa ya fokasi. Chumvi ya hapa imekula maandishi ya pete ya mbele, hayasomeki hata ukimulika tochi. Kamera inaandika 50mm kwenye taarifa za kila picha. Chini kuna Star Adventurer, ambayo inazunguka na anga vizuri lakini haina namna ya kujua imeelekea wapi. Ndiyo maana naihitaji sana programu hii. Kwenye kitundu cha kamera naona nyota chache tu, na kwa hizo siwezi kujua kama Nebula ya Carina, lile wingu la gesi la anga ya kusini, imo ndani ya fremu au iko nje. Nataka nipige picha moja fupi, niambiwe nimeelekea wapi, nisogeze, nipige tena mpaka ikae sawa.

Napigia juu darini kwetu, upande wa kusini uko wazi, taa za mji ni chache. Kila picha ni sekunde 20, ISO 1600.

Programu ninayotumia ni ASTAP, na ndani yake nimeweka hifadhidata ya nyota ya D05. Mahali pa kuanzia nimeandika RA 10 45, Dec −59 41, ambapo ndipo Carina ilipo. Upana wa kutafuta digrii 30. Kimo cha picha angani ni digrii 17, kimetokana na hiyo 50mm na pikseli za maikromita 4.3. Faili la kumbukumbu linasema nyota zaidi ya 500 zimeonekana, halafu inazunguka anga, halafu inaniambia hakuna jibu. Nimejaribu kuipunguza picha mara mbili ndani ya programu, nimeongeza upana wa kutafuta hadi 180, nimepakua hifadhidata upya. Jibu ni lile lile.

Nataka ifanye kazi bila intaneti, maana huku juu mtandao unakuja na kuondoka. Shukran.

---

Matlai (Watamu)

Waaleikum salaam. Kabla ya kuishika programu, tazama nyota zenyewe. Kuza picha hadi ukubwa wake kamili, uangalie pembeni na katikati. Ni nukta, au ni vijistari, yaani mistari mifupi?

Kama ni vijistari, kimbilia swichi ya N na S kwenye Star Adventurer. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Lamu ni digrii 2 na robo hivi, kwa hiyo ni S na ekseli inaelekea kusini. Ikibaki N, mtambo unakwenda kinyume na anga, na nyota zinakimbia mara mbili ya vile zingekimbia bila mtambo kabisa.

La pili ni umande. Kaskazi likilegea na hewa ikatulia, kioo cha mbele kinalowa mapema usiku. Nyota zinavimba, zinakuwa maduara ya ukungu. Mimi hufunga kitambaa na vifuko vya kupasha joto mikono kwenye shingo ya lenzi, chini ya fokasi ili isisogee.

---

Langoni_Usiku (Lamu)

Ahsante ndugu. Swichi iko S. Nyota ni nukta, za pembeni zimevutika kidogo tu, ila hiyo lenzi ni ya kizee. Kioo nilikikagua kwa tochi, kikavu.

---

Kibokoni_Anga (Mombasa)

Chukua picha moja, uipeleke nova.astrometry.net. Ile haikuulizi urefu wa lenzi wala pa kuanzia, inatafuta anga zima yenyewe. Ikiitambua, ujue picha zako ni nzima na ugonjwa uko kwenye mipangilio ya ASTAP. Ikishindwa, tatizo ni picha. Punguza ukubwa wa faili kwanza, bando lisiishe kwa picha moja.

---

Langoni_Usiku (Lamu)

Nimeipeleka. Nilitoa JPEG ndogo yenye upana wa pikseli 1296. Imeitambua bila taabu! Katikati ni RA 10h 58m, Dec −57 na kitu, kwa hiyo sikuwa mbali na Carina hata kidogo. Kwenye mstari wa "Pixel scale" inasema 17.7, yaani kila pikseli ni sekunde 17.7 za tao (sekunde 3600 za tao ni digrii moja).

Nimepiga hesabu ya 50mm kwa kamera hii nikapata 17.7 hiyo hiyo. Basi lenzi ni 50 kweli, na nilichoiambia ASTAP ni sawa. Mbona inakataa?

---

Mwalimu_Ngomeni (Malindi)

Mwanangu, hapo simama kidogo. Hiyo 17.7 ndiyo iliyokufungia njia, na imekuja na sura ya ushahidi.

Kamera yako inatoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456. Uliyoipeleka ina upana wa 1296. Gawa 5184 kwa 1296, jibu ni 4 kamili. Maana yake kila pikseli ya picha ndogo imekusanya pikseli nne za upana na nne za kimo za picha ya asili, na kipande cha anga kilichokuwa kwenye pikseli zote hizo sasa kimo kwenye moja. Tovuti ile haikuiona picha yako kubwa, imepima ndogo. Ukitaka mizani ya picha iliyotoka kwenye kamera, gawa 17.7 kwa 4. Unapata 4.43.

Sasa rudi kwenye hesabu yenyewe. Zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli kwa maikromita, ugawe kwa urefu wa fokasi kwa milimita, unapata sekunde za tao kwa kila pikseli. Kwa kamera yako, 206.265 mara 4.3 ni 887 kwa kukaribia. 887 gawa kwa 50 ni 17.7. 887 gawa kwa 4.43 ni 200.

Lenzi ya ami yako ni ya milimita 200. Uliipunguza picha mara nne, na chipu imepunguza urefu wa lenzi mara nne, namba mbili zikakutana njiani zikashikana mikono. Hakuna aliyekudanganya ila hiyo chipu. Lenzi za M42, karibu zote, hazina mguso wowote wa umeme, haziwezi kuiambia kamera yako chochote. Chipu ya adapta ndiyo inayosema kwa niaba ya lenzi, na nyingi zimetoka kiwandani zimeandikwa 50, ufunge lenzi yoyote ile.

Usiniamini kwa hesabu tu. Fungua tena lile jibu la nova, uangalie mstari wa "Size", ulio karibu na "Pixel scale". Hapo wanaandika picha imechukua digrii ngapi za anga, upana kwa kimo. Hiyo haibadiliki hata ukiipunguza picha mara kumi, kwa sababu anga lililomo ni lile lile. Natarajia utakuta digrii 6.4 kwa 4.3. Ingekuwa lenzi ya 50, ungekuta zaidi ya digrii 25 kwa 17.

Na kuna njia ya kupima isiyotaka mtandao kabisa. Mwezi ukiandama, piga picha yake kwa lenzi hiyo, upime kutoka ncha ya pembe moja hadi ncha ya nyingine. Hata ukiwa mwembamba kama uzi, umbali huo ni kipenyo kizima cha mwezi. Kipenyo chake angani ni nusu digrii na kidogo, dakika 31 za tao kwa wastani. Lenzi ya 200 itakupa kati ya pikseli 400 na 450. Ya 50 itakupa 100 na kitu. Kwa tofauti kubwa namna hiyo huwezi kuchanganya.

Sasa nikueleze kwa nini ASTAP ilishindwa ilhali nyota zote ilikuwa imeziona, maana hili watu wengi hulipita na baadaye huwarudia kwa sura nyingine.

ASTAP inachukua nyota zinazong'aa zaidi kwenye picha yako, kwa kawaida hadi 500, inaziunganisha nne nne na jirani zake. Kila kundi la nne lina umbali sita kati ya nyota na nyota. Inachukua ule mrefu kuliko wote, inagawa mitano iliyobaki kwa huo, na uwiano unaotoka ndio alama ya vidole ya kundi hilo. Halafu inafanya vivyo hivyo kwa nyota za hifadhidata na kutafuta alama zinazofanana. Uwiano haujali mizani, kwa hiyo mtu angesema: basi urefu wa lenzi una kazi gani?

Kazi yake ni kuchagua nyota zipi zitolewe kwenye hifadhidata. Ukiiambia kimo ni digrii 17, inakwenda kukata kipande cha anga cha digrii 17 na kuchukua humo zile zinazong'aa zaidi. Picha yako ni ya digrii 4.3. Kipande ilichokata ni kikubwa mara 16 kwa eneo. Nyota 500 zilizotawanywa kwenye eneo hilo, zinazoangukia ndani ya picha yako ni kama 30, na hizo ni zile kubwa tupu. Wewe ndani ya eneo hilo hilo una 500, nyingi zikiwa hafifu. Jirani wa nyota kwenye picha yako si jirani wake kwenye orodha. Makundi ya nne nne yanaundwa na nyota tofauti, na alama haziwezi kufanana hata programu izunguke hadi alfajiri. Ni kama kutafuta kichochoro cha Langoni kwenye ramani ya Kenya iliyoandikwa miji mikuu peke yake.

Ndiyo maana kuongeza upana wa kutafuta hadi 180 hakukusaidia. Mahali ulishapapatia. Kilichokosekana ni kimo.

Fanya hivi usiku wa leo. Kwenye sehemu ya kimo cha picha andika 4.26. Mahali pa kuanzia acha pale pale, alama ya kutoa mbele ya 59 isidondoke, maana +59 kwa RA hiyo itakupeleka karibu na Dubhe, upande wa pili wa anga kabisa. D05 inakutosha, herufi D na 05 ina maana ya nyota 500 kwa kila digrii ya mraba, na wewe una digrii za mraba zaidi ya 27. Usiingie tamaa ya W08, ile ni ya picha pana sana, ina nyota zinazong'aa tu, hadi ukubwa wa 8 (ni kipimo cha mng'ao, namba ikipanda nyota ni hafifu zaidi). Kupunguza mara mbili ndani ya programu ni vizuri kwa joto letu hili, kunafifisha zile pikseli moto ambazo programu huweza kuzidhania nyota. Hapo hutahitaji kubadilisha kimo, kwa sababu unaipa programu digrii, si pikseli.

Ukija kuitumia kwa amri za maandishi, Dec haiandikwi kama ilivyo. Wanapima kutoka ncha ya kusini: unajumlisha 90. Carina yako ya −59.7 inakuwa 30.3.

Na siku ukiwa na lenzi usiyoijua kabisa, kuna chaguo la kuiacha programu ijaribu vimo mbalimbali yenyewe. Inachukua muda zaidi, lakini inafika.

---

Kibokoni_Anga (Mombasa)

Mwalimu amemaliza. Mimi naongeza la chipu, kwa sababu itaendelea kuandika 50 kwenye kila picha, na programu nyingine za kuunganisha picha, kama Siril, nazo husoma urefu kutoka humo humo. Kuna programu ya bure iitwayo ExifTool. Ukishahamishia picha kwenye laptopu, ingia kwenye folda yake uandike:

exiftool -FocalLength=200 *.CR2

Itabadilisha zote kwa mpigo na kuweka nakala ya zile za asili pembeni. Fanya hivyo kabla hujaanza kuzipanga moja juu ya nyingine.

---

Langoni_Usiku (Lamu)

Mwalimu, shikamoo. "Size" ilikuwa 6.39 kwa 4.26 digrii, iko pale pale chini ya namba niliyoisoma.

Nimeandika 4.26. ASTAP imejibu kabla sijaweka laptopu chini vizuri. Picha zote za usiku ule zimetambulika, moja baada ya nyingine, na mtandao nimeuzima kabisa. Mwezi nao ulikuwa umeandama, nikaupiga magharibi kabla haujatua: pembe hadi pembe pikseli 428. Ami nimempigia simu, anasema kumbe ndiyo ile aliyokuwa akipigia mashua za mashindano kutoka ufukweni. Mtu hawezi kupiga mashindano ya mashua kwa 50 kutoka mbali vile, amecheka sana.

Sasa Carina nimeiweka katikati kwa picha tatu tu za kujaribu. Nauliza moja la mwisho: fremu ina upana wa digrii 6.4 na nebula haijazi hata nusu. Kuna kitu kingine cha maana jirani ambacho naweza kukiingiza pamoja nayo?

---

Mwalimu_Ngomeni (Malindi)

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha, na umeuliza swali ambalo nalipenda kuliko yote.

Kipo, na kina uhusiano na pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa Ngomeni, ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani tu. Wakaiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Kiongozi wa wanasayansi wake alikuwa Riccardo Giacconi, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka 1971 Uhuru ikagundua kwamba chanzo kimoja cha eksirei kiitwacho Cen X-3 kinapiga kama mshipa, pigo moja kila sekunde 4.8. Ni nyota ya nyutroni, kiini kidogo kizito mno kilichobaki baada ya nyota kulipuka, inayoizunguka nyota kubwa kila siku 2.1 na kuinyonya gesi. Kabla ya hapo mfumo wa namna hiyo haukuwa umeeleweka. Na iko RA 11h 21m, Dec −60.6. Kutoka katikati ya Carina yako hadi pale ni digrii 4 na nusu hivi.

Fremu yako ni 6.4. Vyote viwili vinaingia, ila kwa kupimwa, maana ukikosea digrii moja kimoja kinatoka nje. Hapo ndipo ASTAP itakapokufaa kuliko jana. Usiiweke Carina katikati. Weka katikati RA 11h 03m, Dec −60 10. Zungusha kamera ili upande wake mrefu ulale mashariki na magharibi ya anga. Piga, tambua, angalia pembe ya mzunguko inayoandikwa kwenye jibu, rekebisha, piga tena. Uwe na subira, kwenu eneo hilo halipandi zaidi ya digrii 32 juu ya upeo wa kusini, na chini kidogo ya hapo ukungu wa bahari unalifuta. Lianze saa moja na nusu hivi kabla halijafika kileleni, uliache saa moja na nusu baada ya hapo.

Eksirei hutaiona, angahewa yetu inazizuia zote, ndiyo maana walihitaji setilaiti. Utakachopata ni ile nyota kubwa inayonyonywa, ya ukubwa wa 13 na kidogo. Sekunde 20 hazitaitoa. Piga nyingi, uzipange moja juu ya nyingine, na kwa kuwa kila moja sasa ina RA na Dec zake, weka kialama pale pale penye 11h 21m na −60.6. Eneo hilo lina msongamano wa Njia Nyeupe, kwa macho matupu hutaipambanua na jirani zake. Kwa namba utaipata.

Ukiipata, iweke picha hapa na kialama chake. Nataka kuwaonyesha watoto wa shule ya huku.

---

Matlai (Watamu)

Na mimi nasubiri. Mwezi ukishazidi robo usihangaike, eneo hilo linafifia. Piga wiki hii au ngoja mwandamo ujao.